Mmeksiko Ameshapita Jamay

Nereida Cázares hakuomba safari. Alikuwa na kazi ya cherehani, chumba cha kupanga huko Tonalá na mlango wenye makomeo matatu, na kwake hayo yalitosha kuitwa maisha. Lakini doña Chayo, mwenye karakana ya sare za shule alikoshona, alikuwa mtu wa kutoa zawadi na kusimama hapohapo kuona zinavyopokewa. Msimu wa sare ulipokwisha alinunua nafasi mbili katika ziara ya siku moja ya kulizunguka ziwa la Chapala, akamtangazia mtoto kabla ya kumwambia mama. Abril, miaka saba, meno mawili ya mbele hayapo, alirukaruka katikati ya cherehani mpaka vitambaa vikaanguka. Ukishafikishwa hapo, utasemaje hapana?

Nereida alikuwa amemtoroka mumewe. Heri lisemwe mapema, maana yeye hakumwambia mtu, hata doña Chayo, aliyedhani ni mjane na kumwonea huruma za mjane. Mume aliitwa Fidencio Rentería, ila mjini kwao La Piedad, Michoacán, hakuna aliyemwita hivyo. Alikaa miaka mingi ng'ambo ya mpaka akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja nguruwe, na huko wenzake walimwita Mmeksiko, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa Mmeksiko katika zamu yao. Jina likamkaa. Alirudi nalo kwenye fulana, kwenye tatuu ya mgongoni na kwenye kioo cha gari lake la kubebea nguruwe, na alirudi pia na mkono mwepesi wa kupiga. Siku moja Nereida alikwenda polisi kumshtaki. Waliomsikiliza wakampigia simu mumewe aje amchukue. Usiku huo Fidencio alimbania mkono kwenye mlango, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku atakayoondoka na Abril atamtafuta mpaka ampate, na akimpata hapatabaki hata mfupa wa kuzika.

Hayo ndiyo aliyoyabeba kwenye ziara, pamoja na chupa ya maji na sweta ya mtoto.

Gari lilikuwa basi dogo jeupe, na Hortensia Pulido, Tencha kwa watu wote, ndiye alikuwa mwenye gari, dereva na mwongozaji. Kwa maneno aliyokuwa nayo angeweza kuwa redio pia. Aliwapanga abiria wake wachache, akamkalisha mbele señor Basurto, mstaafu mnene kutoka Querétaro aliyekuja na mkewe na malalamiko yake, kisha akaeleza habari ya picha iliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma. Kijana yule ni Uriel, mtoto wa dada yake. Alitoka kwenda kununua betri ya pikipiki, hakurudi. Walipokwenda kutoa taarifa waliambiwa wasubiri, vijana ndivyo walivyo, labda ana msichana mahali.

"Dada yangu akasubiri," Tencha alisema, akiwasha gari. "Mpaka leo. Kwa hiyo mimi sisubiri mtu. Ukinipotea nusu saa, sura yako naitupa kwenye simu za watu wote wa ziwani, na kina mama wenzake dada yangu wanaotafuta watoto wao wanaisambaza kama moto. Usije ukasema sikukuambia. Mikanda, tafadhali."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kutojua pa kutazama. Nereida hakucheka. Alikuwa anasikiliza njia. Chapala kwa kifungua kinywa, alisema Tencha, kisha kisiwa cha Mezcala kwa mashua, kisha Ocotlán, kisha Jamay, halafu upande wa kusini mpaka warudi. Kwenye Jamay ndipo alipokwama. Barabara ya La Piedad inatokea La Barca na kupita Jamay, na Fidencio aliipita kila wiki na nguruwe wake. Alipangusa mikono kwenye sketi, akainuka akamwuliza Tencha kwa upole kama wao wawili wangeweza kubaki Chapala na kungojwa jioni.

"Mwanangu, ziwa ni duara," Tencha alimjibu. "Ukishalianza, lazima ulimalize. Kaa, utafurahi."

Chapala walikula dagaa wa kukaanga kwa limau na pilipili, na Abril akapata kazi ya kuwapangia foleni ukingoni mwa sahani kama watoto wa shule, kila mmoja na jina lake. Mmoja alimpa jina la doña Chayo na kumng'ata kichwa. Nereida alicheka. Alicheka kwa mdomo wazi, jambo ambalo alikuwa amelisahau, na Tencha, ambaye hupiga picha kila meza kwa ajili ya kumbukumbu, akamnasa hapohapo kwa simu yake. Nereida alimwomba aifute. Tencha alisema ataifuta, lakini picha ilikuwa nzuri mno, akaiacha.

Walipofika gati la Mezcala, mwenye mashua aliwangoja kofia mkononi. Huyu alikuwa don Eleuterio, watu humwita don Tello, mzee mkavu asiyepoteza maneno, labda kwa sababu kila siku husafiri na Tencha. Magugu maji yalielea huku na huku, mabonge ya kijani makubwa kama viwanja. Don Tello aliyapenya bila haraka. Señor Basurto alitaka kujua jaketi la kujiokoa lilifuliwa lini mara ya mwisho, na alipokosa jibu akalivaa hivyohivyo, akalifunga kamba zote.

Kisiwani mna kuta za ngome ya zamani, gereza lililobomoka, mipungate ya miiba na mijusi. Tencha akaanza hadithi zake za wenyeji waliowashinda Wahispania kwa mawe na njaa. Abril alizunguka akiokota mawe ya rangi. Nereida alikaa kwenye kivuli cha ukuta, mgongo kwenye jiwe la moto, akaona maji kila upande, na taratibu, bila kupanga, mabega yake yakashuka. Alifikiri kwamba hapa hakuna gari linaloweza kufika. Alifumba macho.

Sauti zikaja kutoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa sauti ya don Tello, akiwa ametoka kuongea kwenye simu, na ya Tencha.

"Mmeksiko anakuja," alisema don Tello. "Kaka yangu kanipigia sasa hivi. Ameshapita Jamay."

"Saa hizi? Si kawaida yake ni jioni?"

"Leo kaamka na hasira. Kusanya watu wako, Tencha, tuondoke. Akitukuta hapa tumekwisha. Umesahau alichomfanyia yule wa San Pedro? Yeye na mkewe."

Sasa, mtoto yeyote wa Mezcala anayejua kuomba maji angejua wazee hawa wanasema nini. Watu wa ziwa lile wamezipa pepo zao majina kama walivyowapa mbwa wao. Yuko Mkolima, atokaye kusini na kuleta mvua, na yuko Mmeksiko, atokaye mashariki, upande wa jiji kuu, na huyo ndiye mkorofi. Wala hawasemi unavuma. Wanasema anakuja, amefika, amelala. Lakini Nereida alizaliwa La Piedad, mji wa nguruwe na vumbi, na upepo wa kwao hauna jina. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Huyu hakuona jani, alisikia nyoka akitajwa kwa jina lake kamili, na barabara anayopitia.

Hakupiga kelele. Alisimama, akatembea mpaka alipokuwa mwanawe, akamshika mkono. "Mmeksiko?" Abril aliuliza kwa midomo tu, baada ya kuuona uso wa mama yake. Nereida akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akaacha mawe yake yakaanguka moja moja kimya kimya. Huyu alifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kusoma.

Wakapita nyuma ya mipungate mpaka kwenye gereza bovu. Ndani, chini ya ngazi zilizovunjika, palikuwa na shimo la kuhifadhia maji, limekauka, mlango wake mdogo kama wa banda la mbuzi. Nereida alimwingiza Abril kwanza, akaingia kwa magoti, akavuta matawi makavu mbele yao. Ndani palinuka popo. Aligusa ardhi mpaka akapata jiwe lililojaa mkononi.

Halafu yakaanza majina.

"Nereida! Abril!" Ilikuwa sauti ya Tencha, kwanza ya kutania, kisha ya kukasirika, kisha nyingine kabisa. Kila jina lilipoitwa lilimchoma, kwa maana aliona huo ndio ujinga wenyewe: wanamtangazia. Akaja señor Basurto akipiga kelele. Wakaongezeka wanaume wa mashua nyingine, asiowajua, na katika kila sauti ya kiume Nereida aliitafuta ile moja. Kuna wakati aliipata. Alikuwa na hakika. Alimziba Abril mdomo kwa kiganja, ingawa mtoto hakuwa amepiga hata chafya, akahisi goti lake likiloa maji ya moto. Abril alikuwa amejikojolea. Mtoto alimtazama kwa aibu gizani, na Nereida, asiyeweza kusema neno, alimbusu kichwani tena na tena.

Kisha kitu kikubwa kikafika kisiwani. Kilianza kama gari linalopanda mlima mbali, kikakua, kikaingia kwenye kuta kikipiga mluzi, na vumbi likamwagika kutoka juu ya shimo. Majina hayakusikika tena. Nereida aliomba. Alimwomba Bikira wa Zapopan amfanye jiwe, kisha akaomba lile analoliogopa kuliko yote, kwamba ikibidi mmoja apatikane, awe yeye peke yake.

Hakujua wamekaa muda gani. Aliona matawi yakisogea, na mkono wa mtu mzima ukaingia, na nyuma yake kichwa. Akarusha jiwe kwa nguvu zote za mkono wake mzima. Mtu yule akaguna, akakaa chini kwa kishindo, kofia ikaviringika.

"Mwanangu," ilisema sauti, imetulia. "Ni mimi Tello. Wa mashua."

Damu ilikuwa inamshuka kwenye nyusi. Hakusogea karibu. Nereida alimwuliza kwa mnong'ono, "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mmeksiko. Nilikusikia. Umesema amepita Jamay."

 Don Tello aliinua kidole, akaelekeza nje, kwenye tundu la ukuta ambapo ziwa lilikuwa limegeuka jeupe na mipungate imeinama. "Huyo hapo," alisema. "Si unamsikia? Ni upepo, binti yangu. Sisi ndivyo tunavyouita."

Nereida alitoka kwa magoti, akatazama alipoonyeshwa. Alitazama maji, akayatazama tena, akitafuta mtu. Mtu hakuwapo. Ndipo akaanza kucheka na kulia pamoja, akamwomba don Tello msamaha, akampangusa damu kwa sweta ya mtoto, akacheka tena. Mzee alivaa kofia yake, akasema kwamba Mmeksiko bado hajakaza sana, wakiondoka sasa watapita.

Walipita kwa shida. Wote walikuwa wamewangoja ndani ya mashua, wamelowa. Tencha alikuwa amekataa katakata kuondoka na kiti kitupu; sasa akamwuliza Nereida kwa nini alijificha, naye akajishughulisha na kamba za jaketi la mtoto. Señor Basurto alimwambia Nereida maneno mawili matatu ambayo mkewe alimzuia kuyamalizia. Mawimbi yaliipiga mashua ubavuni, maji yakaingia, watu wakayachota kwa makopo. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa yote yakaziba gati, ikabidi wanaume wa nchi kavu waingie mpaka kifuani, wakate njia kwa mapanga na kuwavuta kwa kamba. Mke wa Basurto alisali kwa sauti. Katika mashua nzima mtu mmoja tu hakuogopa, naye alikuwa Nereida. Alimpakata mwanawe, akalowa, akamtazama Mmeksiko huyu akifoka juu ya maji, akaona ni kitu kidogo tu. Hii ndiyo furaha aliyoipata siku ile, na haikudumu zaidi ya safari ya mashua.

Gatini palijaa watu. Walipiga makofi. Wanawake asiowajua walimkumbatia, mmoja akamvisha blanketi, mwingine akamtia mkononi kikombe cha uji wa moto, wakawaingiza wote kwenye mgahawa wa samaki. Mama mmoja mpana alimchukua Abril akampakata, akamsugua miguu. Nereida alishangaa. Aliuliza watu wote hawa wametoka wapi.

"Mimi sisubiri mtu, si nilisema?" Tencha alisema, uso umemng'aa kwa machozi na ushindi. Nusu saa ilipokwisha alikuwa ametuma picha: mama anacheka, mtoto ana dagaa mkononi, majina yao yote mawili, kisiwa cha Mezcala, basi jeupe lenye picha ya Uriel. Dada yake aliituma kwa kina mama wenzake. Kina mama wale hawalali. Imefika Guadalajara, imefika Zamora, imeenea Michoacán yote. "Tazama, mwanangu, tazama watu walivyokuombea. Wasiokujua!"

Nereida aliutazama uso wake mwenyewe kwenye simu, mdomo wazi, unacheka. Uji ulimwagika kwenye mapaja na hakuhisi moto wake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alitaka kuuliza nani na nani wameiona, lakini Tencha alikuwa tayari anasoma maoni ya watu kwa sauti, akisonga kwa kidole. Mungu mkubwa. Wapatikane salama. Bikira awafunike. Kisha akapaza sauti kwa furaha ili wote wasikie.

"Na huyu hapa, masikini, sikiliza! 'Huyo ni mke wangu na huyo ni binti yangu. Mungu awabariki nyote. Nimewatafuta mwaka mzima. Tafadhali mzuieni hapohapo, akili yake si nzuri, huwa anajificha na kukimbia. Niko Ocotlán, nakuja.'"

Mgahawa ulishusha pumzi. Ndiyo maana, alisema mtu. Kumbe mgonjwa, masikini. Señor Basurto alimtazama mkewe kwa jicho la nilikuambia. Mwanamke wa blanketi akamshika Nereida bega kwa upole, akamsukuma arudi kitini, na ile mikono iliyokuwa ikimbembeleza Abril ikawa sasa inamshika.

Nereida alisema ni uongo. Alisema mtu huyo atamwua. Alisikia mwenyewe sauti yake ilivyopanda, akaona nyuso zilivyomtazama kwa huruma ya kutomwamini, maana ni nani atamwamini mwanamke aliyetoka kujificha shimoni akimkimbia upepo? Woga wake wa uongo ulikuwa umemla shahidi wa woga wake wa kweli. Hapakuwa na pengine pa kubisha hodi. Aliweza tu kugeuka kwa Tencha.

"Uliniuliza kwenye mashua kwa nini nilijificha, sikukujibu," alisema. "Nilisikia mnasema Mmeksiko anakuja. Ndilo jina lake. Ndivyo anavyoitwa mume wangu."

Kijana mmoja mlangoni akacheka. Basi kaolewa na upepo huyu, alisema, na wawili watatu wakamsaidia kucheka.

Tencha hakucheka. Aliteremsha macho kwenye simu. Nereida alimwona akigusa ile picha ndogo pembeni mwa maoni, ya mwenye kuandika, ikapanuka ikajaa kioo: mwanamume amesimama kifua wazi, ameipa kamera mgongo, na jina juu yake, Fidencio Rentería, Mmeksiko. Neno lilelile lilikuwa limeandikwa kwa wino kutoka bega hadi bega. Uso wa Tencha ukazeeka hapohapo. Alitazama mkono wa Nereida, ule uliopona vibaya kwenye kifundo, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza, ingawa ulikuwa mbele yake toka asubuhi.

Halafu redio ya Tencha ikarudi hewani. Alisimama, akapiga mkono mezani, akasema hivi nyie watu hamna pua, mtoto amejikojolea na mmemkalisha anaganda, leteni nguo kavu, wewe mama nipe huyo mtoto, mama yake twende naye chooni akamsafishe, na nyie wengine pisheni mlango, si sinema hii. Alimnyakua Abril kutoka mapajani mwa yule mama kabla hajapata la kujibu. Wakatoka kwa mlango wa jikoni, wakapita masufuria na mbwa, na chooni hawakwenda.

"Nimeifuta," Tencha alisema wakitembea, karibu kukimbia, sauti imemkatika. "Nimeifuta, lakini wengine wameshaichukua. Iko kwenye simu za watu. Siwezi kuirudisha yote. Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakuokoa."

Nereida alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia, na hapakuwa na nafasi ya lolote. Aliuliza kama basi linaweza kuondoka sasa. Tencha akatikisa kichwa. Basi ndilo alilolitaja mwenyewe kwenye tangazo, na picha ya Uriel juu yake. Kuna barabara moja tu ya kufika pale, na wangekutana naye kwenye kona.

Don Tello alikuwa bado ndani ya maji, kitambaa kimefungwa kichwani, anaikaza mashua yake kwenye nguzo. Tencha alimwambia kwa maneno machache, pengine ndiyo machache kuliko yote aliyowahi kumwambia. Mzee alimsikiliza, akamtazama Nereida, akalitazama ziwa. Hakuna mtu wa Mezcala anayetoka Mmeksiko akiwa amekaza. Alianza kuifungua kamba.

"Kumkabili hatuwezi," alisema. "Lakini tukimpa mgongo atatusukuma mwenyewe kuelekea machweo. Dada yangu anakaa kwenye ghuba huko, hapana lami, hapana mtandao. Mvishe mtoto jaketi, umfunge kamba zote."

Tencha alimbeba Abril mpaka kwenye mashua, maji yakimfika kiunoni. Alivua fulana yake nzito akamvisha Nereida kichwani kwa nguvu, kama anavyovishwa mtoto.

"Akija nitampokea mimi," alisema. "Nitampa na samaki. Nitamwambia mmepanda gari la abiria la kwenda Poncitlán, nitamchorea na njia." Kisha akaushika ule mkono mbovu, akaubana. "Miaka yote hii natafuta watu waliofichwa. Leo nimeficha mtu mimi. Nenda, usinipigie simu, usimpigie mtu."

Upepo uliwashika mara walipotoka nyuma ya magugu. Mashua iliinuka, ikaanguka, ikainuka, kila wimbi likiwatupa mbele kutoka nyuma, na maji yakaja baridi juu ya vichwa vyao. Abril alikuwa amejikunja chini kati ya magoti ya mama yake na hakulia. Nereida alikaa ametazama nyuma. Aliuona mlima, na barabara iliyokatwa ubavuni mwake, na vumbi, na mbele ya vumbi gari la kubebea nguruwe likiteremka kwa kasi kuelekea gatini. Kwa umbali ule lilikuwa dogo kama mdudu. Alilijua.

Aligeuka kwa don Tello, akalazimika kupiga kelele ili asikike. Aliuliza Mmeksiko huyu atavuma mpaka lini.

"Mpaka achoke," mzee alimjibu, mkono kwenye usukani. "Huyu wa majini huchoka, mwanangu."

Nereida alimfunika Abril kwa ncha ya fulana ya Tencha, akaendelea kutazama nyuma.